Kobayi anavimba tumbo tena na tena: tuanzie kwenye majani, si kwenye dawa



Kila mara tunapopanda milima ya Walungu na Kabare, kuna ulizo moja linatungojea kwenye mulango: "Kobayi yangu iko inavimba tumbo. Inapona, kisha siku kidogo inavimba tena. Niipatie dawa gani?" Wengine kati yenu munamuita dende, vitabu vingine vinamuita simbilisi, lakini shida ni ileile. Kwa muda murefu tulijibu ulizo hili haraka, tukiwa tumesimama, mukono mumoja kwenye moto. Leo tunapenda kujibu polepole. Sababu ni kwamba jibu letu la haraka halikukuwa la kweli, na kuna nyumba moja ambayo ilipoteza wanyama watatu mbele tuelewe.

Tutawaelezea habari ya nyumba hiyo. Jina la wenyewe hatutalitaja.

Jike moja la mutoto

Mama wa nyumba hiyo analima maharagi pamoja na koperative. Alipata kobayi wake kwa njia munayojua: mwenzake alizalisha, akatoa majike wawili na dume mumoja, naye akapaswa kutoa vilevile kwa mwengine. Jike wa kwanza kuzaliwa kwake alimupatia binti yake wa miaka 11 kuwa mali yake. Binti akamuita Furaha. Mama alisema wazi mbele ya watu wote: watoto wa Furaha njo watanunua daftari na uniforme, na kusaidia feza ya masomo wakati mutoto ataingia sekondari.

Hesabu ya mama ilikuwa nzuri. Jike wa kobayi anabeba mimba kwa miezi miwili na siku kidogo, na kwa kawaida anazaa watoto 2 mupaka 4. Akitunzwa vizuri, anaweza kuzaa mara tatu ao zaidi kwa mwaka. Hakuna nguruwe ao mbuzi anayeweza kuingia mukononi mwa mutoto namna hiyo, bila shamba na bila feza mingi.

Lakini Furaha alikuwa anavimba. Mvua ilipoanza mwezi wa 9, tumbo lake likawa kama mupira. Alijikunja pembeni ya klapie, manyoya yamesimama, hakula. Kesho yake alipona. Siku kidogo, tena. Akakonda. Mimba yake moja ikapotea.

Tulipofika mara ya kwanza, tuligusa tumbo, tukasema: "Ni minyoo." Tukatoa dawa ya minyoo, tukaenda. Kisha juma mbili akavimba tena.

Mama hakutungojea tena, na hatumulaumu. Kwenye soko mutu mumoja mwenye kuuza dawa alimupatia kapsule za amoksisilini, dawa ambayo watu wanakunywa kwa kikohozi. Akamuambia azifungue, achanganye unga wake na maji, anyweshe wanyama wote. Binti alikataa Furaha asiguswe. Alilia, akamuficha ndani ya kitunga nyuma ya nyumba. Wengine watatu walinyweshwa. Kisha siku kidogo wote watatu walianza kuhara, wakapoa mwili, wakakufa. Furaha, yule mugonjwa, njo alibakia.

Sababu gani dawa ya watu iliua kobayi

Ndani ya tumbo la kobayi kuna fuko kubwa sana, nyuma ya utumbo mudogo. Humo njo majani yanachachuka, kama pombe ndani ya mutungi. Wenye kufanya kazi hiyo ni mikrobe wazuri, wengi sana. Bila wao, kobayi anaweza kujaza tumbo na majani na bado afe na njaa.

Dawa kama penisilini, ampisilini na amoksisilini zinaua mikrobe hao wazuri. Wakikufa, mikrobe wabaya wanaobakia wanaongezeka haraka na kutoa sumu, na sumu hiyo inaharibu utumbo. Kwa mbuzi, kwa ngombe, kwa mutu, dawa hizo zinaweza kusaidia. Kwa kobayi zinaua, zaidi sana zikipitia mudomo. Hata linkomisini na eritromisini ni za kuogopa. Kuna antibiotike zingine ambazo munganga wa wanyama anaweza kuchagua kwa kobayi, lakini kuchagua ni kazi yake, si ya soko na si yetu.

Tunaandika jambo hili mbele ya mengine yote, juu linafanyika katika vijiji vingi. Mama yule alitumia feza yake kuokoa wanyama, na ile feza njo iliwaua. Kama tungekuwa tumemuambia siku ile ya kwanza, hangenunua.

Daftari ya mutoto

Tuliporudia, hatukuleta dawa. Tulileta daftari na kalamu, tukamuomba binti kitu kimoja: kila mangaribi aandike Furaha alikula nini, majani yalikatwa wakati gani, mavi yake yalikuwa namna gani, na tumbo lilikuwa laini ao gumu. Mistari mine tu. Mutoto ambaye alimuficha munyama wake ndani ya kitunga hawezi kusahau kuandika.

Kisha juma sita tuliketi naye chini ya muparachichi, tukasoma. Furaha alikuwa amevimba mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa usiku wa siku ya soko ao asubui yake.

Basi tukauliza: siku ya soko inapitaka namna gani katika nyumba hii? Mama akaeleza. Anatoka mbele ya jua. Kwa sababu hiyo, majani ya kobayi yanakatwa jana yake mangaribi, majani machanga ya pembeni ya mufereji, yakiwa na maji. Yanasindiliwa ndani ya mufuko wa plastiki na kulala humo. Asubui binti anatupa kidogo ndani ya klapie, anaenda masomo. Muchana wote wanyama hawana kitu. Mangaribi mama anarudia na majani ya shu aliyookota kwenye soko, mufuko muzima, anayamwanga yote mara moja. Wanyama wenye njaa wanashambulia.

Tuliingiza mukono ndani ya ule mufuko wa majani. Ndani kulikuwa moto, kama jasho.

Hapo hatukuhitaji kutafuta mulozi wala minyoo. Kulikuwa mambo matatu yanayokutana siku moja: majani yaliyoanza kuchachuka mbele ya kuliwa, tumbo lililokaa bure muchana wote, na mulima wa shu kwa gafula. Ukiongeza kwamba katika muda wa mvua majani yote ni machanga na laini, bila nyuzi-nyuzi, utaelewa sababu gani Furaha alianza kuvimba wakati mvua ilianza.

Tumbo la kobayi linapenda nini

Tumbo la kobayi halipendi kusimama. Linasukumwa na majani magumu, yale yenye nyuzi-nyuzi. Kama majani magumu yanakosa, utumbo unaenda polepole, chakula kinakaa, kinachachuka kupita kipimo, na hewa inajaa. Na kobayi hawezi kutapika. Kile kimeingia kinapaswa kutokea nyuma tu.

Zaidi ya hayo, mikrobe wazuri wanazoea chakula wanachokipata kila siku. Ukibadilisha gafula, wanachanganyikiwa. Shu ambayo inavimbisha munyama mumoja inaweza kuliwa bila shida na mwengine aliyezoezwa kidogo-kidogo. Kwa hiyo maji juu ya majani si adui peke yake. Adui mukubwa ni gafula.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanatuuliza: kobayi anakula mavi yake, je, ni ugonjwa? Hapana. Kuna mavi laini ambayo anayachukua mwenyewe na kuyameza tena kusudi apate nguvu iliyobakia ndani. Musimuzuie.

Mambo ambayo nyumba ile ilibadilisha

Hayakuomba feza. Tunayaandika kwa utaratibu kusudi kila mumoja wenu aweze kuyajaribu.

Kwanza, majani makavu yako ndani ya klapie usiku na muchana. Matete, setaria, tripsakum, hata majani ya mahindi yaliyokauka vizuri. Yanakatwa wakati umande umeisha, yanatandazwa fasi yenye hewa, yanageuzwa, mupaka ukiyakamata yanalia ndani ya mukono. Muda wa mvua yanafungwa vitita na kutundikwa chini ya paa, mbali na moshi. Yakitoka ukungu ao harufu ya uchafu, tupeni. Kobayi mwenye majani makavu karibu naye hawezi kukaa na tumbo bure, hata mama akiwa kwenye soko.

Pili, majani mabichi yanakatwa na kutandazwa chini ya kivuli, yanyauke kidogo mbele ya kutolewa. Hayalali ndani ya mufuko. Kama mukono unasikia joto ndani ya majani, hayo si chakula tena, ni mbolea.

Tatu, majani mabichi yanatolewa kidogo asubui na kidogo mangaribi, si yote mara moja. Yanachanganywa aina mbili ao tatu.

Ine, chakula kipya kinaingia polepole. Siku ya kwanza kipande kidogo tu, kisha kinaongezwa kwa muda wa siku 7 mupaka 10. Shu inabakia kitu cha kuonja. Vilevile majani ya maharagi na ya miti kama leusena na kaliandra: ni chakula chenye nguvu, lakini kidogo-kidogo.

Tano, fufu, mukate, muchele na mabaki ya sahani haviingii ndani ya klapie. Majani ya viazi vya kizungu na majani ya muparachichi ni sumu. Sombe mbichi pia iko na sumu ndani, musiwape.

Sita, maji safi kila siku, hata kama majani ni mabichi.

Saba, musisahau vitamini C. Kobayi ni kama mutu, mwili wake hauwezi kuitengeneza. Akiikosa, anakuwa zaifu, viungo vinamuuma, meno yanalegea, anaacha kula, na tumbo linasimama. Mapera yaliyoiva, kipande kidogo, na matembele kila siku vinasaidia. Chakula cha sungura cha kununua hakikutengenezwa kwa kobayi, kwa hiyo musitegemee kwamba kinaleta vitamini hiyo.

Siku amevimba: fanyeni hivi

Gusa tumbo kwa vidole, polepole. Kobayi aliyekula sana ana tumbo kubwa lakini laini. Mwenye hewa ana tumbo gumu, ukigonga kidogo linalia kama ngoma. Anajikunja, anasaga meno, hakimbilii majani.

Ondoa majani yote mabichi. Acha majani makavu na maji. Muweke fasi kavu, yenye joto, bila moshi wa jiko. Kama anaweza kutembea, muache atembee chini, juu kutembea kunasukuma hewa. Unaweza kumusugua tumbo kwa kiganja, polepole sana, kuelekea nyuma. Akilia ao akijikaza, acha.

Musimunyweshe mafuta, chumvi, majivu, sabuni ao pombe. Tumeona hayo yote. Munyama mudogo hivi, kile unachomwanga kwa nguvu mudomoni kinaweza kuingia ndani ya mapafu. Na kama tumbo limejaa hewa, kulisha kwa nguvu ni kuongeza muzigo.

Mupelekeni kwa munganga wa wanyama siku hiyohiyo kama tumbo ni gumu na haliendi chini, kama hajatoa mavi tangia asubui, kama anapumua kwa shida, ao analala kwa ubavu. Musingojee kesho. Kuna dawa ya matone ya kupunguza hewa ndani ya tumbo, inaitwa simetikoni, ile wanapatia watoto wachanga. Munganga anaweza kuitumia na dawa ya maumivu, kwa kipimo chake yeye. Kama hewa imetoka lakini munyama bado hali, munganga atawaonyesha namna ya kumulisha majani yaliyotwangwa na maji, kwa serenge bila sindano, pembeni ya mudomo, tone kwa tone.

Na kama anakufa, musimule. Mavimbo yanaweza kuficha ugonjwa mwengine, kama salmonela, ambao unapita kwa watu. Muzike mbali na maji, safisha klapie, nawa mikono na sabuni. Watoto pia.

Kama majani ni mazuri na bado anavimba

Kuna wanyama ambao munafanya yote na bado wanavimba. Hao musiwaache hivi tu. Angalieni meno. Meno ya kobayi hayaachi kukomaa maisha yote, ni majani magumu njo yanayakata. Katika nyumba ingine ya Kabare, dume mumoja muzee alikuwa anavimba mwaka muzima. Alikuwa anakimbilia majani, anayakamata, kisha anayaangusha, na mate yanalowesha kidevu. Meno ya ndani yalikuwa yameota vibaya. Alikuwa anameza bila kutafuna. Meno kama hayo munganga tu njo anaweza kuyatengeneza. Musikate na mukasi ao koleo, jino linaweza kupasuka.

Minyoo na vijidudu vya utumbo pia viko, hasa fasi ambapo wanyama wanalala juu ya mavi yenye maji. Lakini mbele ya kununua dawa, pelekeni mavi kwa munganga ayaangalie. Na mupime uzito kila juma. Mizani ya koperative, ile ya kupimia mbegu ndogo, inatosha. Kobayi anayepoteza uzito juma mbili zinazofuatana ni mugonjwa, hata kama tumbo linaonekana kubwa.

Tunasema pia neno gumu. Jike anayevimba kila mara asipandishwe mupaka apone, juu mimba inakaza fasi ndani ya tumbo na inaomba nguvu ambayo hana. Mama wa nyumba ile alipenda kumuchinja Furaha siku nyingi zilizopita, na hakuwa na makosa ya kufikiri hivyo. Mufugaji hawezi kulisha munyama asiyezaa. Lakini tulimuomba ampatie mutoto musimu mumoja.

Sasa iko namna gani

Tangia majani makavu yaliingia ndani ya klapie, Furaha alivimba mara moja tu mupaka mwisho wa mvua, siku ndugu mudogo wa binti alimupatia fufu kwa huruma. Alipona usiku huohuo. Alipumuzishwa miezi mine, akarudisha mwili, kisha akapandishwa. Amezaa watatu. Tuliwaona, macho wazi na manyoya kamili kama vile kobayi wanazaliwaka, wanakimbia nyuma ya mama yao.

Hawajalipa sekondari bado. Wale watatu waliokufa hawajarudishwa, na deni la kutoa majike kwa mwenzake liko palepale. Koperative ilikubali kungojea mupaka uzao unaofuata. Tunawashukuru kwa uvumilivu huo, juu sehemu ya deni lile tulilisababisha sisi.

Katika mukutano unaokuja, tunaomba kila mwenye kobayi wa kuvimba-vimba alete daftari ya juma mbili: alikula nini, majani yalikatwa lini, mavi namna gani, tumbo namna gani. Asiyejua kuandika amuombe mutoto wa nyumba. Hatutauliza muliwapa dawa gani. Tutauliza siku ya soko inapitaka namna gani.